Mastodon inaniuliza nichague seva. Seva gani jamani, na kwa nini mimi?

#1 BintiMuheza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, huku Muheza. Kompyuta naijua ya kuandalia mitihani, zaidi ya hapo ni simu tu. Tangu X (ile Twitter ya zamani) ilipofungwa hapa nchini Mei 2025 nimebaki kama mtu aliyerudi likizo akakuta mtaa umevunjwa. Nilikuwa naitumia kwa jambo moja: ndege. Ndege wa kwenye miti, si za uwanjani. Kuna mama mmoja wa Uholanzi tulikuwa tunabadilishana picha za hondohondo, mimi namtumia wa msitu wa Amani, yeye ananitumia ndege wao wa majini. Akaniandikia barua pepe kwamba amehamia Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii, njoo na wewe.

Jumamosi nikamaliza kusahihisha, nikachemsha chai, nikaingia. Kitu cha kwanza: chagua seva.

Sasa mimi seva ninayoijua ni ile inayokuwa "chini" siku ukienda ofisi fulani na makaratasi yako. Nikafungua orodha. Ndefu! Seva ya wachoraji, seva ya wapenda michezo ya kompyuta, seva ya watu wa jiji fulani Ujerumani, nyingine imeandikwa Kijapani juu mpaka chini. Kuna moja nikaipenda jina, nikabonyeza, ikaniambia niandike kwa nini nataka kujiunga na nisubiri mtu asome. Kama barua ya maombi ya kazi! Chai ikapoa, nikafunga.

Maswali yangu, msinicheke:

Nikiingia seva ya wachoraji, nitawaona watu wa ndege au nitafungiwa na wachoraji?

Huyu anayesoma maombi ni nani, na nani ananilipia nikae kwake bure?

Nikikosea je, ndiyo basi, au kuna kuhama?

Na la mwisho: mbona Facebook haikuniuliza haya yote?

#2 Kisiki cha Mpingo

Nimekaa mkao wa kula. Na mimi nilifunga hapohapo kwenye orodha, nikajua ni mimi tu mshamba.

#3 fundi_waya

Mwalimu, marahaba. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalobeba mengine.

Facebook haikukuuliza kwa sababu Facebook ni nyumba moja ya mtu mmoja. Mastodon si nyumba, ni namna ya kujenga nyumba. Kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, aliitoa mwaka 2016, na programu yenyewe ni ya bure: mtu yeyote anaichukua, anakodi kompyuta, anaiwasha, anakaribisha watu. Hiyo kompyuta yake ndiyo seva. Rochko mwenyewe alifungua moja, mastodon.social. Wengine maelfu wamefungua zao. Kinachoziunganisha ni lugha moja inayoitwa ActivityPub, ambayo mwaka 2018 ilipitishwa na W3C, haohao wanaosimamia viwango vya tovuti.

Sasa fikiria laini ya simu. Wewe uko Airtel, dada yako yuko Halotel. Mnapigiana? Mnapigiana. Unamtumia hela kutoka M-Pesa inaingia kwenye mtandao wake? Inaingia. Hakuna anayesema "siwezi kuongea na mama, yeye yuko Yas". Ndiyo hivyohivyo. Ukiwa kwa wachoraji unamfuata wa ndege, na yeye anakuona. Tofauti inabaki kwenye anwani tu, kama barua pepe: jina lako, halafu jina la seva. Mwalimu akiwa mastodon.social atakuwa @bintimuheza@mastodon.social. Hiyo sehemu ya pili ndiyo wanayokuuliza pale mlangoni.

Na ukitaka kujua kwa nini swali linaumiza kichwa, jiulize lini uliwahi kuchagua barua pepe. Gmail ilikuja na simu, ukaambiwa weka jina na nenosiri, kwisha. Sisi hatujawahi kuulizwa. Mara ya kwanza tunaulizwa, tunapewa orodha ya maelfu na hakuna muuzaji wa kutushauri.

Huyo anayesoma maombi ni mwenye seva au wasaidizi wake. Wengi hawalipwi. Wanachangiwa na wakaazi, au wanatoa mfukoni. Wanauliza kwa nini unataka kujiunga ili kuzuia matapeli na akaunti za mashine, si kupima Kiingereza chako. Andika mistari miwili: mimi mwalimu, napiga picha ndege. Basi.

Kwa kifupi: ingia mastodon.social, usijichoshe. Tangu Mei 2023 hata programu yao ya simu imeweka kitufe kikubwa cha kukupeleka huko moja kwa moja, kwa sababu walijua watu wanaishia kwenye orodha kama nyie.

#4 Mtu wa Kazi

Mimi nilikaa siku nne. Nikaandika "habari zenu", kimya. Nikaandika tena, kimya. Nikarudi kwenye magrupu yangu ya WhatsApp ambako ukisema habari unajibiwa na watu 60 na mmoja anaomba mkopo. Huko hakuna Mswahili, ni wazungu wanaongelea kompyuta zao na paka.

#5 BintiMuheza

fundi_waya ubarikiwe, hapo kwenye laini za simu nimeelewa kabisa. Ila Mtu wa Kazi kanitia hofu. Kama kila mtu anaonana na kila mtu, mbona yeye alikuwa kimya hivyo?

#6 Nahodha Mstaafu

Kwa sababu mfano wa laini ni mzuri lakini unavuja, na unavuja hapohapo. Fundi usinichukie.

Kwenye simu, kila namba inapigika kutoka kila mtandao dakika hiyohiyo. Mastodon haiko hivyo. Seva yako haina habari za dunia nzima. Inaletewa machapisho ya watu ambao MTU FULANI ndani ya seva hiyo anawafuata, pamoja na yale ambayo watu hao wameyasambaza. Basi. Kama hakuna hata mmoja wenu anayemfuata yule mama wa Uholanzi, machapisho yake hayaji kwenu. Yapo, ila hayaji.

Mimi nilijifunza kwa shida. Mwaka 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba na watu kuhama makundi kwa makundi, nilijiunga seva ndogo sana, tulikuwa kama thelathini hivi, wengi watu wa ramani. Nikatafuta heshitegi (neno lenye alama ya # mbele) ya uvuvi. Ikanijia picha moja. Moja! Nikasema kumbe wavuvi hawapo huku. Rafiki yangu aliye seva kubwa akatafuta heshitegi ileile mbele yangu, simu yake na yangu mezani pamoja, yake ikashuka mpaka kidole kikachoka. Heshitegi ile ile, dakika ile ile. Seva yangu ilikuwa haijawahi kuletewa hayo mambo kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanafuata watu wa ramani.

Ndiyo maana nasema mtu anayekwambia "seva yoyote ni sawa" anakupa nusu ya jibu. Kwa kuongea na mtu unayemjua anwani yake, kweli yoyote ni sawa: bandika anwani nzima kwenye kisanduku cha kutafutia, seva yako itamfuata hukohuko aliko na kukuletea. Ila kwa kuokota watu usiowajua, unategemea majirani zako wanafuata nini. Majirani wakiwa wa ndege, ndege watakujia wenyewe. Ukiwa kwa watu wa kuandika programu za kompyuta utawaita mmoja mmoja.

Kingine: ukifungua ukurasa wa mtu wa seva nyingine mara nyingi utaona machapisho mawili matatu, au hakuna kabisa, ukadhani hajaandika kitu. Ameandika sana. Seva yako tu haijaletewa ya nyuma. Nenda kwenye ukurasa wake kwenye seva yake, utayakuta yote.

Mtu wa Kazi, ulipoandika "habari zenu" hakuna aliyekuwa anakufuata wala hukuweka heshitegi hata moja. Hakuna mashine pale ya kukuchukua wewe na kukubandika machoni mwa watu. Uliongea peke yako chumbani, mlango umefungwa.

#7 Mtu wa Kazi

Sawa Nahodha lakini ndiyo niseme nini sasa, mimi nataka kuongelea Simba na Yanga siyo ramani.

#8 Nahodha Mstaafu

Weka lugha ya chapisho lako kuwa Kiswahili (iko kitufe pale unapoandikia, wengi hawaigusi), weka #Simba, #Yanga, #Kiswahili, na zifuate hizo heshitegi zenyewe kama unavyomfuata mtu. Sikuahidi watu 60. Ukipata watatu wanaobishana kwa adabu umefanikiwa.

#9 fundi_waya

Nahodha nimekubali, mfano unavuja. Hapo ndipo mastodon.social inaposaidia tena: ni kubwa, karibu kila anachofuata mtu mwingine kimeshafika pale.

#10 Mwanamaskati

Assalaam alaykum. Mimi Mzanzibari, nipo Muscat mwaka wa kumi na moja, na nina langu moyoni juu ya hili.

Nyote mnazungumza habari ya utaona nini. Mimi nataka mwalimu aulize jengine: mwenye nyumba ni nani, na akichoka itakuwaje? Maana ndilo lililonikuta.

Nilijiunga seva moja, jina lake silitaji, mtu mmoja tu alikuwa akiiendesha, mwema, mpole, hata salamu za Idi akitupa. Nikakaa kwake mwaka na miezi. Nikaandika humo kuhusu majahazi, kuhusu mapishi ya bibi yangu, watu mia nne na kitu wakawa wananifuata. Siku moja natoka kazini nafungua simu, ukurasa mweupe. Nikasema intaneti. Kesho yake mweupe. Wiki nzima mweupe. Hapana barua, hapana tangazo. Baadaye nikasikia alipatwa na mambo ya kinyumbani, akaacha kulipia ile kompyuta. Sikumkasirikia, maana na yeye ni mtu. Lakini maandishi yangu yote yamekwenda na sikuweza hata kuwaambia wale mia nne niko wapi.

Mtasema kuna kuhama. Kupo, na kunafanya kazi vyema: unafungua akaunti mpya, unaiambia "na ile ya zamani ni mimi", kisha kwenye ile ya zamani unabonyeza kuhama, na wafuasi wako wanahamishwa wenyewe bila ya wao kufanya lolote. Unaowafuata wewe unawachukua kwenye faili na kuwapakia upya. Lakini hapana wa kukubonyezea hicho kitufe kwenye nyumba iliyokwishaanguka. Ile ya zamani lazima iwe hai. Na hata ikiwa hai, maandishi yako ya zamani hayaendi nawe. Yanabaki kule.

Kwa hivyo mwalimu, kabla hujajiunga fungua ule ukurasa wa "Kuhusu" wa seva. Tazama wanaoisimamia ni mmoja au zaidi. Tazama gharama wanalipaje. Zile zilizomo kwenye orodha ya joinmastodon, tovuti ya Mastodon wenyewe, zimekubali masharti: kuweka nakala kila siku, awepo angalau mtu mmoja zaidi mwenye funguo za dharura, na wakitaka kufunga watoe taarifa miezi mitatu kabla. Ile yangu haikuwamo kwenye orodha. Nami sikujua kama kuna orodha, nilipewa linki na rafiki.

Na tazama hata mkia wa jina. Julai 2023 Mali waliirejesha mikononi mwao ile .ml iliyokuwa ikigawiwa bure na kampuni ya nje, na seva ya fmhy.ml, hawa wa Lemmy, programu nyengine inayotumia ActivityPub, ikapoteza jina lake. Februari 2024 queer.af nayo ikasimamishwa, maana .af ni ya Afghanistan na waliokuwa wakitawala ni Taliban. Jina linapendeza, lakini lina serikali nyuma yake.

#11 Msimamizi wa Jukwaa

Nimeunganisha uzi huu na ule wa "Mastodon ni nini hasa". Tafadhali mabishano ya VPN yapelekwe kwenye uzi wake, msifungishe huu.

#12 Kisiki cha Mpingo

Pole sana Mwanamaskati. Mapishi ya bibi hukuyaandika kwengine?

#13 Mwanamaskati

Ahsante. Mawili matatu yalikuwamo kwenye daftari. Ule mkate wa kumimina ndio umekwenda, nilikuwa nimeandika vipimo vyote, na bibi mwenyewe hayupo tena. Siku hizi naomba nakala ya akaunti yangu kila mwezi. Ipo pale kwenye mipangilio, unaiomba, wanakutengenezea faili, unalipakua. Mwalimu, fanya hivyo.

#14 Mvita_wa_Zamani

Mimi ni wa Mombasa, hapa napita tu. Nyinyi watu mnajitesa bure. Si mwende Bluesky? Mimi nilijiandikisha nikiwa kwa matatu kutoka Likoni, kufika mjini nishamaliza. Hakuna aliyeniuliza seva. Tangu Februari 2024 walipoondoa sharti la kualikwa kila mtu anaingia tu. Na wakisema imegatuliwa pia, yaani haina seva moja tu, basi shida yenu ni nini?

#15 fundi_waya

Kaka wa Mvita, uliulizwa. Hukuona tu. Pale juu ya fomu pana mstari mdogo unaotaja mtoa huduma, umeshajazwa Bluesky Social. Ukiubonyeza unaweza kuweka seva nyingine. Swali ni lilelile, wao wamekujibia.

Na simaanishi ni ubaya. Kwa mtu wa kawaida ndiyo busara hasa. Wazo lao lilianzia ndani ya Twitter mwaka 2019, enzi za Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wake, na nadhani walijifunza kwa kutazama Mastodon inavyokimbiza watu mlangoni. Agosti 2024 X ilipofungwa Brazil, watu walimiminika Bluesky, na kitufe kimoja ndicho kilichosaidia.

Halafu kuna jambo wamelifanya vizuri kuliko Mastodon, nalieleza kwa simu tena japo Nahodha atanikosoa. Mnakumbuka Machi 2017 tuliporuhusiwa kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba? Kabla ya hapo ukihama unatuma meseji kwa ukoo mzima, "hii ndiyo namba yangu mpya". Mastodon bado iko enzi ile, ila inakusaidia kutuma zile meseji. Wafuasi wanahamishwa, anwani inabadilika. Bluesky wametenganisha namba na mtandao: ukiwa na domeini yako mwenyewe, yaani jina la tovuti ulilolisajili, hiyo ndiyo jina lako, na hata ukihamisha mzigo wako seva nyingine jina halibadiliki na machapisho unaweza kuondoka nayo.

Kasoro yake: karibu wote mmekaa kwa kampuni moja. Ruhusa ya kuhama mnayo, ila hamjahama. Siku mwenye kampuni akibadilika ndiyo tutajua kama huo mlango wa nyuma unatosha watu wote kwa pamoja.

#16 Mvita_wa_Zamani

Hapo umenena. Lakini mimi siku hiyo nitakuwa nimezeeka.

#17 BintiMuheza

Nasoma yote, naandika pembeni kama mwanafunzi. Swali: kama mwenye seva ni mtu tu, kama huyo mpole wa Mwanamaskati, je ujumbe wa faragha anausoma?

#18 Nahodha Mstaafu

Anaweza. Sisemi anasoma, wengi hawana hata muda. Lakini ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa ufunguo kama wa WhatsApp. Umekaa kwenye hifadhi ya seva yako na ya unayemwandikia, wazi. Mwenye funguo za hifadhi akitaka, anausoma. Barua pepe uliyojiandikishia pia anaiona, na anwani ya intaneti unayoingilia.

X na Facebook nao waliweza kusoma mengi yako miaka yote, tofauti ni kwamba wale huwajui na huyu unamjua jina. Watu wengine inawatisha zaidi hivyo. Mimi inanituliza. Ila siri ya familia usiiweke huko, mpigie mtu simu.

Na usitaje mtu mwingine kwa anwani yake ndani ya ujumbe wa faragha, hata kwa kumsema. Ukimtaja, anaupata. Kuna jamaa alimsengenya bosi wake hivyo. Nilikuwepo.

#19 Kisiki cha Mpingo

😂😂 Hiyo ya bosi ianzishiwe uzi wake.

#20 SautiYaTabora

Naongeza moja hamjaligusa. Wenye seva wanafungiana. Admini akiona seva nyingine imejaa matusi au ubaguzi anaikata yote, na wewe mpangaji wake humuoni tena mtu yeyote wa kule, upende usipende. Julai 2019 Gab, mtandao uliojulikana kwa maneno ya chuki, walipohamia kwenye programu ya Mastodon, seva nyingi sana ziliwakata. Hiyo mimi naiunga mkono.

Lakini chukua Threads, mtandao wa Meta, haohao wenye Facebook. Ilianza Julai 2023, na Machi 2024 wakaanza kuruhusu baadhi ya watu wao kuonekana Mastodon. Seva nyingi walikuwa wameshaapa kwamba hawataki kuiona. Mimi shemeji yangu yuko Leicester, yuko Threads, hana habari za haya. Nilijiunga seva moja nzuri, nikamtafuta, hayupo. Nikadhani anwani nimekosea. Nimekaa siku mbili naangalia herufi moja moja! Kumbe mwenye nyumba wangu amegombana na mwenye nyumba wake. Orodha ya waliokatwa iko kwenye ukurasa uleule wa "Kuhusu" aliousema Mwanamaskati, wengi wanaiweka wazi. Mtafute shemeji yako humo kwanza ndiyo ujiunge.

#21 Mtu wa Kazi

Kwa hiyo mtu anayetaka kuona picha za ndege inabidi asome katiba, bajeti, na orodha ya maadui. Halafu mnashangaa watu wako Instagram.

#22 fundi_waya

Mtu wa Kazi hapo huna baya. Ndiyo maana tangu mwanzo nasema aingie mastodon.social, akae mwezi, ajue watu wake wako wapi, ndipo ahame. Kuhama ni dakika kumi.

#23 Mwanamaskati

Dakika kumi na kuacha picha zote nyuma. Yeye ni mtu wa picha. Akiweka hondohondo arobaini kwenye ile ya kwanza, arobaini watabaki huko. Na ukishahama, hadi siku thelathini zipite ndipo uweze kuhama tena. Bora achague leo kwa utulivu.

#24 fundi_waya

Atachaguaje mtaa ambao hajawahi kuukanyaga? Wote tumeingia mjini kwa kufikia kwa ndugu kwanza.

#25 Mwanamaskati

Na wengine hawakutoka kwa huyo ndugu mpaka leo. Ndivyo seva moja inavyojaa watu wote, tukarudi kulekule kwa tajiri mmoja.

#26 Nahodha Mstaafu

Nyote wawili mnasahau alishasema mwenyewe. Ana mtu mmoja anayemjua kule, mama wa Uholanzi. Mwalimu, angalia anwani yake, ile sehemu ya pili. Yuko seva gani? Mtu wa ndege aliyetulia mahali kwa miaka ameshakufanyia utafiti wote huu.

#27 BintiMuheza

Nahodha!!! Hilo sikuwaza kabisa.

Nimetafuta barua pepe yake. Yuko ecoevo.social. Nikafungua ukurasa wa "Kuhusu" kama mlivyonifundisha: ni seva ya watu wa ikolojia na mageuzi ya viumbe. Nikatazama machapisho ya majirani bila kujiunga, ile sehemu ya wakaazi wa seva yenyewe. Jamani. Mtu ameweka picha ya mdudu kabandika na jina la kisayansi, mwingine anauliza habari za popo. Nilikaa nusu saa sijui kama maharage yanaungua. (Yaliungua.)

Nimejiunga jana. Nikamfuata yule mama kwanza, halafu nikapekua anaowafuata yeye, nikachukua kumi na wawili. Leo asubuhi ukurasa wangu una kitu cha kusoma. fundi_waya usijisikie vibaya, mdogo wangu nimempeleka mastodon.social kwa ushauri wako, yeye hana haja ya ndege, anataka tu kuwepo, na ameingia kwa kitufe kimoja. Tumefuatana, tunaonana vizuri. Laini mbili tofauti, dada na kaka.

Mwanamaskati, nakala nitaomba kila mwisho wa mwezi, nimeweka kwenye kalenda ya mishahara ili nisisahau.

Sasa nimeweka chapisho langu la kwanza, hondohondo wa Amani, picha niliyopiga Juni. Nikaweka heshitegi zangu. Watu saba wamesambaza! Ila mmoja kaniandikia, kwa adabu sana, kwamba picha yangu haina maelezo na wapo wasioona wanaotumia programu za kuwasomea, kwa hiyo niyaongeze. Nimeona kweli pana kitufe cha maelezo chini ya picha, na kila mtu kule anakijaza. Nimeandika "hondohondo juu ya mti", nikajiona mvivu. Darasani ningemnyima maksi mwanafunzi aliyeandika hivyo. Ninyi mngemwelezaje mtu asiyeona, na hajawahi kumsikia hondohondo?

#28 Nahodha Mstaafu

Lugha uweke Kiswahili, usisahau kile kitufe.

#29 Kisiki cha Mpingo

Nimekulia Lushoto, huyu tumeishi naye. Jaribu hivi:

"Hondohondo dume ametua kwenye tawi kavu la mti mrefu. Mweusi mwili mzima isipokuwa tumboni na kiunoni, ambako ni mweupe. Shavuni ana manyoya ya rangi ya fedha kama mvi za mzee. Mdomo mkubwa umepinda, na juu yake amebeba mdomo mwingine wa rangi ya maziwa, kama mtu aliyejitwisha kiatu cha ubao. Akiruka mabawa yanavuma, utamsikia kabla hajafika."

#30 BintiMuheza

Kiatu cha ubao! Nimeshabandika, nimeongeza tu "picha imepigwa saa moja asubuhi, ukungu nyuma".